Jani la Isale na Udiwani wa Shangazi

Shangazi yangu alipotangaza kwamba anagombea udiwani wa viti maalum, wanaume wa kijijini kwetu Kirua Vunjo walishtuka kuliko siku bei ya kahawa ilipoanguka. Bei ya kahawa walikuwa wameshaizoea. Lakini mjane muuza ndizi, mwenye mdomo kama ule, akakae kwenye halmashauri ya wilaya atutungie sheria ndogo sisi? Haikuwaingia akilini.

Msinielewe vibaya, viti vya wanawake walikuwa wamevikubali. Serikali imesema, redio imesema, hata padri alidokeza kwenye mahubiri. Kilichowapa shida ni kwamba wanawake nao walitaka kuchagua nani akalie. Jambo zito kama hilo lilihitaji mbege, pombe yetu ya ndizi. Basi Jumapili baada ya misa wakakutana kilabuni, wanaume watupu, wakazungusha kata, wakapitisha jina la mke wa mwenye duka la jumla kule Himo. Mama mpole, mwili wa heshima, vitenge vya kila rangi. Sokoni haendi, ndizi anapelekewa mlangoni. Walimpendea huo upole. Asiyekuwepo na lake halipo, wakasema, na kwa kweli hakuwepo mwanamke hata mmoja.

Shangazi alitaka nini? Choo. Msicheke. Soko letu la ndizi halikuwa na choo, na kinamama walioshuka mlimani alfajiri na mikungu kichwani walikuwa wakijibana mpaka warudi nyumbani. Ushuru wanatozwa kila siku ya soko, haja hawana pa kuimalizia. "Wale madiwani wanaume," shangazi alikuwa akisema, "kwao mgomba wowote ni choo. Watajulia wapi?" Alilisema misibani, alilisema kwenye jumuiya, alilisema nje ya kanisa kabla watu hawajamaliza kupeana mikono, mpaka wengine wakimwona wanapita njia nyingine.

Sasa wazee wa kilabuni walijua kwamba kwa maneno hawamwezi, ng'o. Mmoja wao akatoa wazo la isale. Kwetu isale ni lile jani refu la mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani. Ukimkosea mtu unalifunga fundo, unampelekea, na yeye akishaletewa hana ujanja, lazima akusamehe hata kama ulimchomea nyumba. Wazee wakaona, jani linalomaliza ugomvi wa mashamba litashindwaje kumwondoa mwanamke mmoja kwenye kura? Ama kweli mbege ina kazi yake! Walisahau kwamba isale hupelekwa na aliyekosa, si na mwenye shida zake. Na wa kulipeleka wakamchagua baba yangu, mdogo wake shangazi wa tumbo moja, maana nani atakataa isale la mdogo wake?

Baba alikuwa karani wa kahawa kwenye chama cha msingi. Tangu wanunuzi binafsi waingie na magari yao, kazi yake ilikuwa kulinda mizani isiyopima kitu. Nadhani aliona raha kutumwa. Kesho yake jioni akavaa koti lake la kuendea misa, akakata isale, akavuka bonde hadi kwa shangazi. Mimi nilikuwa pale jikoni namenya ndizi, na wala sikuondoka. Ungeondoka wewe?

"Shikamoo dada," baba akasema, na kabla hajaitikiwa akamwekea lile jani mikononi.

"Marahaba." Shangazi akalitazama jani, akamtazama baba, akalitazama koti. Nilimwona anavyojizuia kucheka. "Haya, nimelipokea. Nimekusamehe, mdogo wangu. Sasa niambie, umekosa nini?"

Baba akakohoa. Swali hilo kilabuni hawakulipanga.

"Mambo madogo madogo tu, dada."

"Isale haliji kwa madogo madogo."

"Labda... yule mbuzi wako aliyekula miche yangu ya kahawa. Nilimtukana."

"Mbuzi nitamfikishia. Endelea."

Nikacheka, nikatazamwa, nikarudi kwenye ndizi zangu. Baba akajaribu lile la Krismasi alipochelewa kumletea nyama yake. Akajaribu la kutokuja kumjulia hali alipougua malaria. Kila moja shangazi alilisamehe upesi upesi kama anayefukuza kuku. Ilibaki sasa baba aseme lililomleta, amalize, ajiendee zake. "Dada, ile nafasi..." akaanza, na hapo hapo akakwama. Akajishusha taratibu kwenye kigoda. Alipoanza tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Ile nafasi ya shule," akasema.

Shangazi alisoma mpaka darasa la nne, na hadithi yake sote tuliijua: alifaulu kuendelea, babu akakataa, mtoto wa kike ni wa kuolewa, basi. Kumbe haikuwa hivyo. Mwalimu alikuja nyumbani kumwombea, na babu akalegea. Akamwita baba, ambaye bado alikuwa mtoto, akamwuliza dada yako mwenyewe anasemaje, anaitaka shule? Baba akajibu, haitaki. Ameniambia haitaki.

"Kwa nini?" shangazi akauliza. Sauti ndogo ile sikuwahi kuisikia kwake kabla, wala baadaye.

"Ungekwenda bweni, majani ya ng'ombe angekata nani? Si mimi?"

Shangazi alilibana lile jani mpaka likakunjika. Hasira ilimpanda, hasira hasa, ya mtu aliyeibiwa halafu akamkuta mwizi ni wa kwake, na niliona dhahiri wakati alipokumbuka kwamba ameshapokea. Hata mimi nilimkasirikia baba, nilimkasirikia sana, huku namwonea huruma na koti lake lile.

"Mjanja wewe," shangazi akasema hatimaye, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Umenipa jani kwanza, kosa baadaye." Akavuta pumzi. "Nimeshasema nimesamehe, sirudishi. Lakini Jumamosi niko Moshi kwenye kura. Ng'ombe wangu watakula nini?"

Baba akainuka. Aliaga, akasahau hata kumalizia chai niliyokuwa nimemmiminia.

Jumamosi kinamama wa chama cha siasa, ambao ndio wapiga kura wa viti maalum, walijazana kwenye lori la ndizi wakashuka mjini. Kabla hawajarudi, habari zikawatangulia kupanda mlima: shangazi amepita. Waliokuwa wakijibana miaka yote ile walikuwa wengi kuliko vitenge vya mama wa Himo. Wazee wakatoka kilabuni wakasimama njiani kutafuta maelezo, na maelezo yakaja yenyewe yakihema: baba yangu, karani mzima, na mzigo wa majani kichwani. Kwetu majani ya ng'ombe ni kazi ya mwanamke, na mwanaume akilazimika kuyakata hupita vichakani asionekane. Baba alipita barabarani.

"Wewe," mzee mmoja akamkemea, "si ulisema jani amelipokea?"

"Amelipokea."

"Sasa mbona hukumwambia ajitoe?"

"Nafasi yake niliwahi kuichukua moja," baba akasema. Shingo ilikuwa ikitetemeka kwa uzito, lakini mzigo hakuutua. "Ya pili kamwombeni wenyewe. Sogeeni nipite, ng'ombe wa diwani hawajala."