Nyumba ya Sange niliyoikosa kwa neno "niliuza"

Wakuu, habari za humu. Nimevuka themanini, kwa hiyo wengi wenu mna deni la shikamoo kwangu. Nimewasamehe.

Kisa hiki hakina chumvi. Ningetia chumvi ningejipamba, na mtaona sikujipamba popote.

Kuna jamaa aliuliza juzi kama ni busara kununua nyumba kwenye kamji katulivu ka mashambani. Jibu langu ni ndiyo. Mimi niliipata kabisa, nikaikosa, na sina wa kumlaumu.

Iko hivi.

Nilizaliwa Kigoma, baba mtu wa Uvira. Kongo ilipopata uhuru nikavuka ziwa kwenda kwa ndugu wa baba, nikafanya useremala. Mimi na mke wangu, Mama Neema, tukapanga Mulongwe, mtaa wa Uvira ulio kando ya mto. Kila masika mto uliingia ndani bila hodi. Mke alichoka kuanika godoro.

Kazini nilikuwa na mwenzangu, mwashi, anaitwa Etienne, mtu wa Bukavu. Yeye tofali, mimi milango na madirisha.

Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza. Niseme tu. Wenye nyumba walimwita "fundi", mimi waliniita "wewe". Alikuja kwangu kula, Mama Neema akacheka hadi machozi, mke ambaye mimi alinichekea mara moja tu, nilipoanguka kwenye ngazi. Etienne hakunikosea chochote. Hilo ndilo liliniudhi zaidi.

Hapa nitoe somo dogo. Watu wa Bukavu wakisema "kuuza" wanamaanisha kununua. Kuuza kwetu, wao wanasema "kuuzisha". Uvira tumechanganyika, sokoni utasikia vyote. Nilijua jambo hili vizuri, na nilishamtania Etienne mara nyingi. Msije kuniambia nilikuwa mgeni.

Basi tukapata kazi Sange, kule kwenye tambarare ya Ruzizi. Mfanyabiashara mmoja Mgiriki alikuwa na nyumba nyuma ya duka lake. Tofali za kuchoma, bati, baraza, mfereji wa mashamba ya mpunga unapita nyuma. Mchana ulisikia wanawake wanapura mpunga, basi, hakuna kelele nyingine. Madirisha yake nilitengeneza mimi. Niliipenda ile nyumba kuliko nilivyowahi kupenda kitu.

Fununu za uasi zilipoanza, Mgiriki akasema anauza, anaondoka. Tukaelewana naye bei, niinunue mimi. Nikamwachia Etienne pesa nilizokuwa nazo amkabidhi Mgiriki, maana yeye alibaki kumalizia ukuta. Mimi nikashuka Uvira kuuza kiwanja cha urithi Nyamianda ili nitimize.

Kabla sijapata mnunuzi, waasi wakaingia tambarare. Barabara ikafungwa.

Wiki zile nilimwaza Etienne tu. Nilimwona amekaa barazani, miguu juu. Nilimwona anafungua madirisha yangu. Mke akiuliza kama Etienne yuko salama, nilijibu kwamba watu wa aina ile huwa salama siku zote.

Asubuhi moja akatokea mlangoni. Alikuja kwa miguu akipita mashambani, nyayo zimevimba. Hakukaa hata chini. Alikuwa anatabasamu.

"Ndugu, ile nyumba ya Sange, miye niliuza," akasema. "Mugiriki alisha kwenda. Shika hii karatasi."

Wakuu, neno nililijua. Nimewaambia nililijua. Lakini asubuhi ile nilisikia kwamba ameiuza. Nilikuwa nimengoja wiki zote zile kusikia kwamba huyu mtu ni mwizi, na sasa kaja mwenyewe kuniambia.

Nikaichukua ile karatasi nikaichana mbele yake. Sikusoma hata mstari mmoja. Nikamwambia arudi alikotoka, na kwamba kwangu asikanyage tena.

Hakubishana. Aliangalia vipande chini, akaniangalia, akamwangalia Mama Neema. Akasema taratibu, "Weye ndugu, utakuja kujuta." Akaondoka na nyayo zake zile.

Mke wangu alisimama mlangoni akimwangalia hadi akapotea njiani. Nikajua anamsikitikia yeye, nikazidi kukasirika.

Uasi ulipozimwa nikapanda lori hadi Sange. Nilikwenda kumuumbua mbele ya watu.

Chifu wa zamani alikuwa amekimbia, na yule mpya sikumfahamu. Nilipotaja jina langu akasimama kunipa mkono.

"Kumbe ni weye," akasema. "Etienne aliuza hii nyumba kwa jina yako. Aliuzisha baiskeli yake juu ya kutimiza bei."

Aliuza. Aliuzisha. Akayaweka maneno yote mawili kwenye pumzi moja, na mimi nikatafuta pa kukaa.

Akaendelea kunieleza. Watu watatu walikuja kuitaka ile nyumba wakati wa vurugu. Etienne aliwafukuza wote, akisema mwenyewe yuko Uvira na ana karatasi. Hii ni baada ya mimi kumfukuza kwangu, wakuu. Baada. Alikuwa ameondoka wiki moja kabla sijafika, kwa lori la mchele, kurudi kwao.

Nikauliza alikuwa analala chumba gani.

"Alikuwa nalala ku jikoni," chifu akasema. "Alikataa kuingia mu nyumba. Alisema mwenye nyumba hayafika bado."

Kisha akaninyooshea mkono. Nitoe karatasi, niingie kwangu.

Nikasema ilipotea kwenye vurugu.

Alinihurumia, lakini yeye hakushuhudia mauzo yale, na bila karatasi hakuweza kitu. Mwezi haukuisha akaingia mwingine, mwenye watoto sita. Nikipita Sange mpaka leo siangalii upande ule, maana nawaonea wivu hao pia.

Etienne nilimtafuta Bukavu mara mbili, sikumpata.

Nilichojifunza: ukinunua nyumba shamba, soma karatasi kwanza, hasira baadaye. Na ukiwa na wivu na mtu, usiamini unachosikia kinywani mwake. Masikio yanakuwa si yako.

Mnaotaka kunisema, semeni, uwanja ni wenu. Ila kama humu kuna mtu wa Bukavu ambaye babu yake alikuwa mwashi, anaitwa Etienne, aliyewahi kufanya kazi Sange, naomba amfikishie, akiwa hai au kaburini: ile karatasi haikupotea. Niliwadanganya watu wa Sange. Niliichana mimi.