Maji ya Ubatizo Yalipogeuka Meupe

Kuna Jumamosi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Kaa hapa nikuhadithie, na hiyo simu iweke chini, haitakimbia. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, mama yako bado mdogo, nikimwita kwa Kiswahili ananijibu Kiingereza, kama wewe tu. Mimi nilikuwa kijana. Usicheke. Mwenye miaka arobaini ni kijana, utakuja kuona.

Kanisa letu lilikuwa mtaa wa Saltley, huku huku ugenini, ndani ya kiwanda kidogo cha zamani, bado kinanuka grisi. Hatukuwa na mahali pa kubatizia. Basi Shemasi Kamau, yule Mkenya aliyekuwa anafanya kazi ya kutunza wazee, akapata bwawa la plastiki la duara, maji yanafika hapa kifuani, lina pampu yake na filta yake ya kuchujia maji. Tukalisimamisha nyuma ya viti. Bomba letu lilikuwa linatoa maji kama mtu analia kwa aibu, kulijaza ilikula karibu wiki nzima.

Na aliyekuwa anangojewa Jumapili ile ya ubatizo ni babu yako. Tangu tukimbie vita kwetu Uvira, na yale tuliyoyaona njiani, alikuwa hasali. Alikuwa ananisindikiza mpaka mlango wa kanisa, anabaki nje na sigara yake. Miaka ikapita hivyo. Halafu siku moja yuko anakula ugali, ananiambia, waambie na mimi nitabatizwa. Sikumuuliza kitu. Niliogopa hata kuhema, nisije nikamgeuza moyo. Nilijua tu, akikosa Jumapili hii, simpati tena.

Ijumaa maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Jioni kina mama tukaja kuombea. Sasa kwetu, ukiombea kitu unakipaka mafuta. Ukiombea nyumba unapaka mlango, ukiombea mgonjwa unampaka kipaji cha uso. Aliyetuongoza ni Koko Esta, bibi mzee kuliko sisi wote. Akamimina mafuta yake ya zeituni ndani ya maji, na wengine wakafuata, kila mtu na kachupa kake. Mimi nilikuwa nakaanga mandazi pale jikoni, lakini niliona yote, na nilifurahi. Nikasema moyoni, mume wangu amepakwa mafuta hata kabla hajaingia.

Asubuhi tunakuta maji meupe. Meupe kama yale ya kuoshea mchele. Mkono ukiingiza huuoni.

Kamau akachovya kale kakaratasi kake kanakobadilika rangi, akakaangalia, akakaangalia tena. Akatuambia klorini, ile dawa ya kusafisha maji, yote imekwisha, kuna kitu kinaila.

"Wamama, ni nini iliingia kwa hii maji?"

Mmoja anafunga kitenge chake upya, mwingine anakohoa. Na mimi pia nimenyamaza. Nani aseme? Kusema mafuta yameharibu maji ilikuwa kama kusema maombi ndiyo yameharibu maji. Na Koko Esta mwenyewe hajafika, bado anangoja basi. Utamshitaki mzee hayupo?

Basi Kamau akaongeza klorini ya unga. Pampu inanguruma, tunangoja. Maji yakazidi weupe. Akaongeza tena, yakazidi tena. Akatuonyesha karatasi, rangi imepanda juu kabisa. Ule unga wenyewe unayavuta maji upande wa sabuni, mbali na uchachu, akasema, na yakishafika huko klorini inalala tu, haifanyi kazi. Sasa inabidi kuyarudisha kwa asidi, kidogo kidogo, pampu inazunguka, unangoja, unapima. Ndipo klorini ifuate.

Babu yako alikuwa pale tangu asubuhi anabeba ndoo. Hakuwa amevuta hata sigara moja. Akauliza, kungoja mpaka lini. Kamau akasema pengine kesho, pengine Jumapili nyingine.

Mwanangu, niliuona uso wake unavyojifunga. Nimeishi na ule uso, ninaujua. Akachukua chupa ya asidi, akaenda kwenye ndoo ambako Kamau alikuwa amebakiza klorini imelowa, akafungua kifuniko. Akasema tuzichanganye zote humu, tumwage mara moja, tumalize.

Kamau hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka chini, ndiyo ilinitisha zaidi.

"Papa Bahati, hiyo ikiingia hapo inatoa moshi ya kuua. Weka chini."

"Vya kuua nimeshavipita vingi."

"Najua. Lakini hii sitakubali. Weka chini."

Hakuna aliyesogea. Chupa imeinama kidogo. Ndipo nikaona Koko Esta ameingia mlangoni na mfuko wake wa sokoni. Hakuuliza kitu. Akatembea vile vile na magoti yake mabovu, akasimama kati ya babu yako na ile ndoo, akanyoosha mkono kama anayepokea kikombe cha chai. Babu yako akampa chupa. Angefanya nini? Ni mama mzima.

Akauliza kunatafutwa nini. Kamau akarudia swali lake.

"Mafuta," akasema Koko. "Nilimimina mimi, na hawa." Akatugeukia. "Mlijua, mkakaa kimya? Mnamficha Mungu au mnamficha Kamau? Mungu aliona. Huyu ndiye hakuona, na ndiye anayetengeneza. Mngeacha mume wa mtu afe, eti mnanitunzia heshima?"

Na mume mwenyewe ni wangu, fikiria.

Kamau alifungua filta, tukaikuta inateleza kama kikaango. Tukaiosha na sabuni ya vyombo. Tukatandaza taulo kuukuu juu ya maji zinywe mafuta, tukakamua, tukatandaza tena. Asidi ikaenda pole pole kama alivyosema. Akapima. Baadaye sana ndipo akaweka klorini.

Jumapili asubuhi karatasi ilikuwa na rangi nzuri, lakini maji bado yana ukungu. Kamau akatupa kijiko, kikapotelea chini. Mchungaji alitaka tuendelee, watu wamejaa na nguo zao nyeupe. Kamau akakataa. Kama sioni kijiko, akasema, sitaona mtu akiteleza huko chini.

Mimi sikuthubutu kumtazama babu yako. Nilikuwa nasikiliza viatu vyake vitoke. Havikutoka. Alivuta kiti, akakaa kando ya bwawa, akakaa ibada nzima. Watu wakaenda kula, yeye yuko pale. Jua limeshainama ndipo nikamsikia anaita, "Kamau, njoo. Nakiona."

Akabatizwa mbele yetu watu wachache, Koko Esta ameshika taulo.

Kwenye basi ya kurudi nyumbani Shard End, kichwa bado kinadondosha maji, ndipo akaniambia kwa nini hakuondoka. Akasema, "Tangu vita, wengi wamenikataza vitu kwa bunduki. Yule kijana amenikataza kwa sababu hataki nife."

Kwa hiyo mwanangu, nisikilize. Kitu kikichafuka, usikimbilie kuongeza dawa juu ya dawa. Kwanza uliza kimeingia nini. Na ukiulizwa wewe, sema, hata kama ni kitu kizuri, hata kama aliyekiweka ni mkubwa wako. Heshima inayofunga mdomo mtu anapokaribia kuumia, hiyo siyo heshima. Na ukiambiwa ngoja na mtu anayekutakia mema, vuta kiti ukae.

Mungu akupe watu wa kukukataza kwa upendo, akupe na moyo wa kuwasikia. Akulinde mahali ambapo macho yetu sisi hayafiki. Haya, itika amina, kisha uninyanyue, miguu imekufa ganzi.