Kifungo Nilichokiandika "Inakuja"

Admin, jina langu nifichie. Hata la mtaa ungelificha, lakini watu wa Umoja watanijua tu, basi acha. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nina mke, na mtoto wetu wa kwanza tunamtarajia baada ya miezi mitatu. Kazi yangu ni kutengeneza programu za kuendeshea biashara. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunitukana, ingawa najua wengine hamtangoja.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Dada akaacha chuo, akaenda sokoni Majengo kuuza zipu, nyuzi na vifungo kwa mafundi cherehani, nami nikasoma. Leo ana duka la jumla la vitambaa. Mwaka jana goti lake lilikataa kusimama, akawa anashinda nyumbani, na duka likabaki mikononi mwa Mama Zuhura, ambaye ameuza pale miaka kumi na sita. Dada akaniambia nimtengenezee kitu cha kulionea duka akiwa ameketi kwenye kochi, na kiwe rahisi hata Mama Zuhura asihitaji kufundishwa.

Hapo nilijituma kweli. Nilikaa dukani wiki mbili juu ya marobota ya vitambaa, nikisikiliza vile watu wanavyoongea, kwa sababu sikutaka yale maneno ya ofisini ambayo muuzaji akiyaona anaiogopa simu. Bidhaa ikimalizika, niliweka pa kubonyeza palipoandikwa "Imeisha". Mama Zuhura alipaita kifungo, kama vile tunavyouza, nami nikakubali jina hilo. Lakini neno lenyewe alilikataa.

"Kijana wangu, hapa hatusemangi imeisha," aliniambia. "Fundi akisikia imeisha anaenda duka ingine, na harudi. Sisi tunasema inakuja."

Na ni kweli. Tangu nikiwa mdogo nimemsikia akimwambia mteja "inakuja", na Dada akiwa pale pembeni anaelewa papo hapo kwamba rafu ni tupu, anapiga simu kuagiza. Nikafuta, nikaandika "Inakuja" kwa herufi kubwa za kijani. Mama Zuhura akacheka, akakibonyeza mara tatu. Siku hiyo nilijiona bingwa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, kitambaa cha bluu cha sketi kikamalizika. Mama Zuhura akabonyeza "Inakuja", akijua amemwarifu bosi. Dada kule nyumbani hakuwa na mteja wala rafu mbele yake, aliona tu "Inakuja" ya kijani, akadhani Mama Zuhura ameshaagiza na mzigo uko njiani, akatulia. Siku sita nzima kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake. Mafundi wakahama, na yule mama anayeshonea shule tatu hajarudi mpaka leo.

Dada alikuja dukani na mkongojo wake, mimi nikimsindikiza. Akamuuliza Mama Zuhura mbele ya wateja inakuja kutoka wapi, na alimpigia nani. Mama Zuhura akajibu kwamba yeye haagizi, anayeagiza ni bosi, na kwamba amesema vile wamesema miaka yote. Dada akanigeukia. "Wewe, hii kitu yako iko na shida?"

Nikasema, "Iko sawa."

Nilijidanganya kwamba si uongo, kwa sababu programu ilifanya nilivyoiambia. Lakini niliogopa, huo ndio ukweli. Nilikuwa nimeacha kazi ya kuajiriwa, na Dada alikuwa ameshanisifu kwa wenzake sokoni, maduka kumi na moja yakawa yanaitaka. Dada akaamua Mama Zuhura amemdanganya, akamwambia achukue leso yake aende.

Kesho yake nilifanya jambo linaloniuma zaidi. Asubuhi na mapema niliongeza kifungo cha pili, "Imeisha, agiza", nikijiambia narekebisha kosa. Saa sita Mama Zuhura akaja dukani na binti yake. Aliomba kwa upole tu simu ya duka, Dada ajionee kwamba hakukuwa na kingine cha kubonyeza. Dada akaifungua, akauliza mbona cha kuagizia hiki hapa.

Mama Zuhura alivaa miwani akaangalia sana. Kisha akaniangalia mimi. Nikainamia marobota kana kwamba nayahesabu. "Basi ni macho yangu," akasema. Binti yake akamshika mkono wakatoka.

Jumatatu alinipigia simu. Nilidhani ni matusi, na afadhali yangekuwa matusi. Amepata duka la kuuzia huko mtaa wa Jericho, lakini mwenye duka amesikia maneno, anataka barua ya mtu anayemfahamu. "Niandikie tu, mwanangu, kwamba mimi si mtu wa uongo," alisema. "Wewe unanijua tangu ukivaa kaptura."

Jumamosi Dada amenipangia nionyeshe programu mbele ya wale wenye maduka kumi na moja. Nikisema ukweli, itabidi amwombe msamaha mfanyakazi soko lote likiona, na huyo ni dada aliyeacha masomo kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe nitakuwa nimeharibikiwa kabla mtoto hajazaliwa. Mke wangu anasema ninyamaze. Nikinyamaza, nitaandikaje kwamba Mama Zuhura si mwongo, wakati mwongo ni mimi? Tangu utotoni tumeuza vifungo, sasa nimo ndani ya changu na sioni pa kutokea.

Leo amepiga tena kuuliza barua imefika wapi. Nikamjibu, "Inakuja." Akakata simu, maana yeye ndiye aliyenifundisha neno hilo linasema nini. Jamani, mimi nimekwama. Niambieni nifanye nini.