Mkebe wa Mama Cherono

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya hospitali ya Molo, baridi ya kukata masikio, Mkuu wa Maabara alinikabidhi kopo la choo cha mtoto. Nikakunja pua. Akacheka. "Madam, hii ndiyo ofisi yako. Zoea."

Nikazoea. Alinifundisha kwamba tumboni mwa mtoto mna bakteria wengi mno, na walio wengi ni wa faida: wanasaidia kusaga chakula na kuwazibia wabaya njia. Virusi vya kuhara vikiingia huchubua ngozi ya ndani ya utumbo, na wale wema hupungua. Hapo ndipo wabaya hupata nafasi. Mzee yule hakuwa na mashine za maana, lakini mambo haya aliyajua kama mkulima anavyolijua shamba lake.

Mwaka wangu wa pili, wodini alilazwa Cherono, mtoto wa miezi tisa. Kipimo kilikuwa kimeonyesha virusi, ila siku zilipita na bado anahara, amebaki macho tu. Daktari alitaka kujua kama bakteria mbaya ameingia pia. Kama hayupo, mtoto angerudishwa nyumbani na maji ya chumvi na sukari. Nikapaka choo, kilicholetwa na mama yake katika mkebe wa nyumbani, kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu. Siku mbili, sahani tupu. Nikaandika "hakuna bakteria", nikatia sahihi, nikajiona mjuzi.

Mkuu akaisoma fomu. "Choo isiote hata kitu moja? Hapana, madam. Hiyo haiko." Akaenda moja kwa moja wodini kwa Mama Cherono.

"Mathe, ile mkebe uliosha na nini?"

"Na dawa ya madoa, daktari. Singeleta hospitali kitu chafu."

Dawa ile ilikuwa imebaki mkebeni na kuua kila kijidudu. Mzee hakumkaripia. "Asante kwa kutuheshimu. Sasa tunaomba ingine, kwa mkebe yetu." Akampakata Cherono mwenyewe ili mama anywe chai, mpaka choo kikapatikana, kingine juu ya koti lake jeupe.

Safari hii kiliota. Bakteria mbaya alikuwepo, tena tele. Dawa ilianza siku hiyo hiyo na Cherono akapona. Mimi nilijifungia stoo nikalia, maana fomu yangu ingemzika.

Baadaye nilihamishiwa Nakuru, nikapanda vyeo, nikastaafu huku Bahati. Siku hizi mashine zinatambua vijidudu bila kuviotesha, na nafurahi kwa niaba yenu mnaoanza kazi ya maabara. Mzee aliichana fomu ile na hakuitaja tena mpaka alipofariki. Ninaitaja mimi, kwa sababu kesho asubuhi kuna mmoja wenu atakayetia sahihi.