Watu Waliorudi Kupanga Mstari

Tulimzika Tata mwezi uliopita, kando ya migomba, mvua ya alasiri ikiwa imeanza kudondoka. Tata ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba. Hotuba zilikuwa nyingi. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu wa kanisa, wadogo zake wakasema alipenda ng'ombe. Hakuna aliyekumbusha kwamba aliwahi kuwa naibu wa chifu, wala hakuna aliyetaja ule mstari. Ndipo nikaona nikusimulie wewe, kwa sababu tuliouona kwa macho tunapungua.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne. Kwetu ni mlimani, juu ya Sironga, na siku hizo kila boma lilianika maua ya pareto kwenye mikeka. Harufu yake kali ilikaa kwenye sare za shule hata zikifuliwa. Asubuhi nilichuma chinsaga, mboga yetu chungu, bustanini na magokoro, nyanya yangu, mama yake Tata. Hakujua kusoma. Aliimba nyimbo za kanisa akichambua mboga, na akisahau maneno alitia ya kwake akaendelea.

Mwaka huo kura zilipigwa kwa mlolongo. Kama hukuuona, ulikuwa hivi: hapakuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama tu nyuma ya mtu unayemtaka, mchana kweupe, kila mtu akikuona. Waliotaka udiwani walikuwa wawili, mwalimu wa shule yetu na mfanyabiashara aliyependwa na wakubwa wa chama. Msimamizi alikuwa Tata.

Mstari wa mwalimu ulianzia mlangoni pa ofisi, ukazunguka kiwanja cha baraza, ukatoka nje hadi kwenye kisiagi cha unga. Ule wa mfanyabiashara uliishia kwenye mlingoti wa bendera. Tata alihesabu akimgusa kila mtu begani kwa kifimbo chake cha kazi, midomo ikitaja namba. Magokoro naye, aliyekuwa kwenye mstari wa mwalimu, aliguswa vivyo hivyo. Kisha akaingia ofisini, ambamo mkuu wa tarafa alikuwa akimngoja, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alisoma kwenye karatasi kwamba mfanyabiashara ameshinda.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walitazamana, wakaenda nyumbani. Lakini jioni hiyo jirani yetu, mama msuka vikapu, alipita boma kwa boma akisema maneno yale yale: "Hatuendi kugombana. Tunaenda kuhesabiwa tena." Asubuhi watu wa mwalimu walirudi kiwanjani, kila mmoja akasimama pale alipokuwa amesimama jana, nyuma ya mtu yule yule, wakanyamaza. Walisimama hadi jioni, na kesho yake wakaja tena.

Kazi yangu mchana ilikuwa kumpelekea Tata chakula ofisini, ugali wa wimbi na mboga na chupa ya chai. Ilinibidi nipite kando ya mstari mzima. Mwanamume mmoja aliniuliza, "Leo umempikia nini huyo mwongo?" Magokoro akamjibu bila kugeuka, "Mwache mtoto apite. Si yeye aliyesoma ile karatasi."

Siku ya tatu askari walikuja na lori. Walimchukua mwalimu, wakaanza kuwachapa waliokuwa mbele. Waliochapwa waliketi chini, na nyuma yao mstari wote ukaketi, hadi kule kwenye kisiagi. Sauti ya rungu kwenye makoti yaliyolowa manyunyu bado ninaisikia. Hakuna aliyeinua mkono. Lori lilipoondoka waliinuka, wakaiacha nafasi ya mwalimu wazi, na hakuna aliyeikanyaga.

Mvua kubwa ilishika wiki ya pili. Siku moja Tata alitoka, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai.

"Mama, rudi nyumbani. Utaugua."

"Ulinihesabu?"

"Nilikuhesabu."

"Nilikuwa wa ngapi?"

"Wa sitini na tatu."

"Basi wasomee."

Hakuwasomea. Alivua koti lake la mvua, akamfunika nalo mabegani, akarudi ndani akilowa. Magokoro alilivua, akalikunja vizuri, akanipa. "Mrudishie," akasema. "Ni la kazi."

Siku mbili baadaye magokoro hakuweza kuinuka kitandani. Kifua kilimbana. Walimbeba kwa machela hadi hospitali ya Nyamira, na akafa kabla ya Sabato. Watu wa mstari walikuja mazikoni, wakasimama mbali kidogo na familia, na Tata akakaa peke yake kwenye kiti cha mbele.

Jumatatu iliyofuata mstari ulikuwepo bado, naye Tata alitoka ofisini bila kofia, daftari la kuhesabia likiwa mkononi. "Niliwasomea uongo," akasema. "Namba zenyewe ni hizi." Akazisoma zote mbili. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama msuka vikapu aliketi kwenye matope, akafunika uso kwa kanga yake.

Tata alifukuzwa kazi wiki hiyo, na mkuu wa tarafa akahamishwa. Kura ilirudiwa, mwalimu akashinda. Alikuwa ametoka rumande na sikio moja lisilosikia tena. Miaka michache baadaye mlolongo ulifutwa nchi nzima, kwa sababu watu wa sehemu nyingi walikuwa wameukataa kama sisi. Mlimani walisema tumeshinda. Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa. Tata alichuma majani chai kwenye mashamba ya wengine hadi mgongo ukapinda. Watu walimsalimu kwa heshima, lakini hakuna aliyekaa naye kwa muda. Mara moja tu, kisimani, nilimsikia mama msuka vikapu akimwita mogaka, yaani mzee wa heshima, akimwambia, "Ulisema kweli, mogaka. Lakini ulichelewa."

"Najua," Tata akasema, akamtwisha ndoo yake.

Mama huyo naye alishazikwa, na mwalimu pia. Kiwanja kimegawanywa ploti, kina maduka na pampu ya petroli. Siku hizi tunapiga kura darasani, nyuma ya pazia la karatasi, na hakuna anayejua nimemchagua nani. Uchaguzi uliopita nilibaki pale shuleni hadi wakamaliza kuhesabu. Afisa alitoka akabandika matokeo mlangoni, akauliza kama kuna mwenye swali. Tulikuwa watu watatu uwanjani, na mmoja wetu alikuwa mlinzi wa shule, akingoja tuondoke afunge lango.