Kidole Kilichozoea Subana

Fundi cherehani huyu alijua kupatana bei kabla hajajua kukata suruali. Kwa hiyo mwalimu wake wa gitaa aliposema, "Nakupima Jumamosi. Ukiwa bado unachechemea, nafasi yako kwenye onyesho nampa mwingine," hakulalamika. Alianza kuvutana naye.

"Wiki mbili, Mwalimu."

"Moja."

"Siku kumi, na koti lako nalitia bitana mpya."

"Wiki moja, Fundi. Na bitana uliniahidi tangu mwaka jana."

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hajawahi kupiga mbele za watu. Kilichomkwamisha ni tremolo: gumba linapiga besi, kisha kidole cha pete, cha kati na cha shahada vinaugonga uzi mmoja kwa zamu, upesi, hata sikio lidhani sauti haikatiki. Yake ilikatika.

"Punda wako bado ana kwato mbovu, baba watoto," mkewe aliyacheka mapigo yake kutoka kwenye cherehani ya pili.

"Punda anatibiwa. Wewe shona."

Siku tatu alikazana kupiga haraka zaidi, akidhani kasi itaficha kilema. Kasi ikakitangaza. Siku ya nne alichomeka kipande cha kitambaa chini ya nyuzi. Muziki ukafa, vikabaki vishindo vikavu. Hapo akasikia, kama anavyosikia cherehani ikiruka mshono: pigo moja zito kati ya mawili mepesi. Zito lilikuwa la kidole cha kati. Miaka thelathini kilivaa subana, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Kugusa hakikujua, kilijua kusukuma.

"Ubabe wako uishie kwenye jinzi," akakiambia.

Akaanza upya kwa mwendo wa konokono, alfajiri kabla ya kufungua duka na mchana wateja wakipungua, akikibembeleza hicho na kukihimiza cha pete, kilichokuwa mvivu wa kuzaliwa.

Jumamosi akapiga. Mwalimu akasikiliza hadi mwisho.

"Mapigo yamelingana. Lakini ni polepole mno."

"Ulidai yalingane, Mwalimu. Kasi hatukupatana."

Mwalimu akakuna shavu. "Haya. Utapiga wa tatu. Na kila wiki uniongezee mwendo."

"Kidogo."

"Kidogo, lakini kila wiki."

"Wa tatu ni mapema. Niweke mwishoni, watu wameshachoka masikio."

"Wa tatu, Fundi."

Fundi akamtazama usoni, akaona bei hiyo haishuki tena. Akainama, akaanza kipande upya, safari hii haraka kidogo.