Mwalimu Shaul wa Hilla, Aliyekataa Kumwita Rafaeli

Alizaliwa mwaka 1783 katika mji wa Hilla, kando ya mto Frati, mwana wa Nahumu msuka mikeka. Wayahudi wa Hilla walijivunia jambo moja: kwamba majina ya malaika wakuu, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, yalitoka Babeli, nchi yao, na wazee waliorejea Yerusalemu kutoka uhamishoni ndio waliokwenda nayo. Shaul alifundisha miaka thelathini kwamba kulijua jina si kummiliki mwenye jina. Mikaeli ni wa theluji, Gabrieli ni wa moto, wala hawadhuriani, hawaketi, hawachoki, kila mmoja hupewa ujumbe mmoja, wala haendi pasipo kutumwa na Mungu. Aliye taabuni na amlilie Mungu mwenyewe.

Mwaka tauni ilipoingia mjini, mafundisho hayo yalipimwa. Watu walijaa mlangoni pake wakitaka hirizi zenye jina la Rafaeli, mponyaji. Akakataa. Ezra, mtia rangi nguo, akamdhihaki: "Mwalimu, mji huu uliwapa malaika majina, leo wewe watunyima moja tu? Au wino nao umeugua?" Shaul alijitwika mgongoni kiriba cha maji, akapita nyumba kwa nyumba akiwanywesha wagonjwa na kuwaosha wafu, siku arobaini, miguu ikiwa imevimba.

Ndipo akaugua Lulu, bintiye wa pekee, mwenye miaka tisa. Mkewe, Simha, akamwekea kalamu na ngozi mapajani. "Baba Lulu, andika. Sitakuomba kingine maishani."

Shaul aliishika kalamu muda mrefu, kisha akairudisha. "Mama Lulu, yule hatumwi na mimi."

Mtoto akafumbua macho. "Baba, Rafaeli amekuja?"

"Bado, mwanangu. Nimekuja mimi."

Akamnywesha, akamshika mkono hadi adhuhuri, mtoto alipofariki.

Sheria ilimtaka akae chini siku saba za matanga. Siku ya tatu ikaja habari kwamba Ezra amelala mgonjwa wa tauni, hana wa kumpa maji. Shaul akainuka kwa shida, maana palipo na uhai wa kuokoa matanga husubiri. Simha, ambaye hakuwa amesema naye tangu maziko, ndiye aliyemfunga kiriba mgongoni.

Ezra alipona, akasimulia kwamba aliona wawili wakikibeba kiriba kile. "Wawili?" Shaul akasema. "Mbona uzito wote niliusikia mimi?"

Alifariki mwaka 1840, akaoshwa na Ezra. Hakuacha kitabu wala hirizi. Mwenye jirani mgonjwa na amwendee leo, hata akiwa amechoka. Mwalimu Shaul hakuwahi kwenda vinginevyo.